Nairobi kwa miguu: sanamu na minara ya kuona ukiwa na siku mbili

Mkuu mleta mada, umesema una siku mbili Nairobi, mbuga umeshaziona za kutosha huku kwetu Tanzania, picha na twiga huzitaki, unatafuta vitu vya kihistoria hapo hapo mjini. Wadau wamekutajia maduka makubwa na nyama choma. Nyama choma sina ugomvi nayo. Ila nimeishi pale miaka minne nikishona makubazi soko la Kariokor, na Jumapili biashara ikipoa nilikuwa natembea tu. Kwa hiyo nakujibu kama mtu wa miguu. Karibu yote nitakayotaja hayahitaji gari.

Jina la soko lenyewe ndilo lililonianzisha. Nilipofika nilidhani wenzetu wameiga Kariakoo yetu. Mzee mmoja niliyekuwa nashona naye akacheka mpaka akaweka sindano chini. "Kijana wangu, hamkutuuzia na hatukuwauzia. Sote alituuzia Mwingereza." Ndipo nikajua kwamba Kariakoo na Kariokor ni neno moja, Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza. Wale waliobeba risasi, unga na majeruhi vichwani na mabegani kutoka Kenya mpaka ndani kabisa ya Tanganyika wakimfukuza Mjerumani. Walikufa maelfu kwa maelfu, na wengi hawakufa kwa risasi, waliuawa na njaa, kuhara na malaria. Wakatuachia majina mawili ya masoko.

Na sanamu. Kwa hiyo anzia Kenyatta Avenue, pale katikati ya barabara utakuta watu watatu wa shaba. Sisi Dar tunamjua yule askari mmoja wa Posta mwenye singe kuelekea bandarini. Wa Nairobi ni ndugu zake kabisa, mchongaji ni yule yule, James Alexander Stevenson. Wa kwetu ulizinduliwa 1927, wa Nairobi 1928. Tofauti ni kwamba Nairobi mpagazi naye amesimamishwa juu, pamoja na askari Mwafrika na mpiganaji Mwarabu. Hapo chini pana maandishi kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili. Yasome taratibu. Wapagazi wameitwa mikono na miguu ya jeshi, na mwishoni kuna ahadi kwamba ukipigania nchi yako, hata ukifa, wanao watalikumbuka jina lako. Nilisimama pale nikaanza kutafuta majina. Hakuna hata moja. Watu wanapita, pikipiki zinapiga honi, na ahadi ipo palepale karibu miaka mia sasa.

Ukiwa barabara hiyo hiyo kuna jengo la mawe la mwaka 1913 linaitwa Kipande House. Siku hizi ni benki, unaweza kulipita bila kugeuza shingo. Usilipite. Hapo ndipo Waafrika wanaume walipokuwa wakiandikishwa na kupewa kipande, kile kitambulisho cha kazi kilichokuwa kinawekwa kwenye kijikopo cha bati na kuning'inizwa shingoni. Bila hicho hutembei mjini, na ukimkimbia mwajiri kinakusaliti. Leo watu wamepanga foleni ya ATM palepale. Nilimwambia jamaa yangu mmoja wa Kiambu habari hiyo tukiwa kwenye foleni, akaangalia kadi yake ya benki, akaniambia hata hii ni kipande, tofauti haiko shingoni.

Sasa sogea mpaka Kimathi Street, ambayo wakati wa mkoloni iliitwa Hardinge. Pale inapokutana na Mama Ngina Street amesimama Dedan Kimathi, kiongozi wa wapiganaji wa Mau Mau, nywele za kusokota, bunduki mkono mmoja, kisu mkono wa pili. Waingereza walimnyonga gerezani Kamiti tarehe 18 Februari 1957, sanamu ikazinduliwa 18 Februari 2007, miaka hamsini kamili. Kinachonishangaza siyo mkoloni. Uhuru ulipatikana 1963, lakini Mau Mau ilibaki kwenye vitabu vya sheria kama kundi lililopigwa marufuku mpaka 2003. Miaka arobaini ya uhuru, na waliopigania msituni bado kisheria ni wahalifu! Kaburi lake familia imelitafuta miaka yote hiyo. Ndiyo maana ukienda tarehe za Februari unaweza kukuta shada la maua miguuni pa sanamu. Wenyewe hawana mahali pengine pa kuliweka.

Kwa kulinganisha, Lord Delamere, bwana mkubwa wa walowezi, alikuwa na sanamu yake nzima kwenye barabara iliyoitwa kwa jina lake, ambayo ndiyo hiyo hiyo Kenyatta Avenue. Uhuru ulipokuja ikang'olewa ikapelekwa shambani kwa familia yake, Soysambu, huko Elmenteita. Nairobi ni mji wa namna hiyo. Ukitaka kuuelewa, kila penye sanamu jiulize nani alikuwepo kabla, na aliyepo alicheleweshwa na nani.

Tom Mboya ni mfano mwingine. Alipigwa risasi Jumamosi, tarehe 5 Julai 1969, akitoka duka la dawa, ana miaka 38, waziri, kijana ambaye wengi walimwona kama rais ajaye. Barabara ile leo ni Moi Avenue. Sanamu yake ipo karibu na pale alipoangukia, imezungukwa na sanamu za ndege heroe, na ilizinduliwa Oktoba 2011. Hesabu mwenyewe. Hapo angalia na simu yako. Mimi nilikuwa nimeinua yangu kumpiga picha Mboya, nikasikia tu upepo mkononi. Kijana alishavuka barabara. Mama mmoja muuza njugu akaniambia, "Pole, baba. Mboya utamwona kesho, simu hutaiona." Kwa hiyo piga picha mgongo ukiwa ukutani, kisha iweke simu mfukoni.

Nyuma ya Mboya kuna Hifadhi ya Nyaraka za Taifa, jengo zuri la zamani lililokuwa benki. Watu hulitumia kukutania tu, "nipo hapo Archives". Wewe ingia. Chini kuna mkusanyiko wa Joseph Murumbi, mtu wa pili kuwa makamu wa rais wa Kenya: vinyago, silaha, vitambaa, mapambo kutoka Afrika nzima. Nilitumia saa mbili pale siku ya mvua na walinzi wakaanza kunisalimia kama mfanyakazi.

KICC, jumba la mikutano ya kimataifa, utaiona hata usipoitafuta, ule mnara wa duara wenye kofia juu. Umekamilika 1973, mchoro ni wa Karl Henrik Nøstvik wa Norwei pamoja na David Mutiso, mita 105, na ulikuwa mrefu kuliko yote mjini mpaka Times Tower ilipoupita. Panda juu asubuhi kabla vumbi na moshi havijainuka. Unaona mbuga upande mmoja, vilima vya Ngong upande mwingine. Uwanjani chini amekaa Mzee Kenyatta kwenye kiti, ukubwa wa kutisha kidogo. Kaburi lake lipo jirani, ndani ya uwanja wa Bunge, lenye walinzi wa jeshi. Hilo utaliona kwa mbali tu, na tafadhali usianze kulipiga picha ukiwa umeng'ang'ania uzio.

Sasa nije kwenye pale ambapo Mtanzania lazima afike. Kona ya Moi Avenue na Haile Selassie, bustani ya Agosti 7. Ubalozi wa Marekani ulikuwa hapo mpaka asubuhi ya 7 Agosti 1998. Kuna kiingilio kidogo, na ndani kuna ukuta wenye majina ya waliokufa Nairobi, watu 213. Jumba la Ufundi lililokuwa jirani lilianguka lote. Kitu kilichonikaa ni hiki: kabla ya bomu lenyewe kulikuwa na mlipuko mdogo na risasi, watu maofisini wakakimbilia madirishani kuchungulia kuna nini. Kisha lori likalipuka. Vioo vikawakuta usoni. Ndiyo maana wengi walionusurika walipoteza macho. Mwalimu mmoja mlemavu wa macho nilimkuta amekaa kwenye benchi akimsikiliza mjukuu wake anamsomea majina ukutani, moja moja. Sikumuuliza kitu. Dakika chache tu zilitenganisha lile la Nairobi na la kwetu Dar, ambako walikufa 11. Mimi nilikuwa darasa la tatu, nakumbuka redio tu. Nilipotoka pale nilitembea mpaka Kariokor bila kuingia hata duka moja.

Siku ya pili nenda Uhuru Park asubuhi. Ile ndiyo bustani ambayo mwanamazingira Wangari Maathai aliipigania mwaka 1989 serikali ilipotaka kujenga ghorofa 60 ndani yake. Akatukanwa bungeni, akashinda. Kona ya upande wa mjini kuna ukumbusho wa Mau Mau wa Septemba 2015, na gharama ililipwa na Uingereza wenyewe, baada ya makubaliano ya 2013 na wazee zaidi ya 5,000 walioteswa kambini. Ukifika usiondoke haraka. Mpiganaji anapokea chakula kutoka kwa mwanamke, lakini angalia nyuso. Kila mmoja ametazama upande wake. Ukishikwa ukateswa, huwezi kumtaja usiyemwona. Kati ya sanamu zote za Nairobi, kwangu hiyo ndiyo namba moja, kwa sababu aliyeichonga alielewa hofu, wakati nyingi nyingine zinaelewa ushujaa tu.

Ng'ambo ya barabara, Central Park, utakuta kinyume chake. Mnara wa Nyayo, 1988, miaka kumi ya Moi madarakani: mkono unachomoza kutoka kilele cha Mlima Kenya ukiwa umeshika rungu. Sina la kuongeza, rungu linajieleza.

Kama una nafasi, panda matatu ya Lang'ata ushuke Uhuru Gardens, ilipopandishwa bendera usiku wa kuamkia 12 Desemba 1963. Kuna mnara wa mita 24 wenye mikono iliyoshikana na njiwa, na siku hizi jeshi limejenga makumbusho makubwa. Makumbusho ya Taifa nayo ni ya kwenda kama unapenda mambo ya chimbuko la binadamu. Yule Kijana wa Turkana, aliyegunduliwa na Kamoya Kimeu 1984, yupo pale. Nisichoke kukumbusha: beba kitambulisho au pasi, kwenye makumbusho ya serikali raia wa Afrika Mashariki ana bei yake, siyo ya Mzungu. Na malipo mengi yanafanyika kwa simu kupitia eCitizen, mtandao wa huduma za serikali ya Kenya, kwa hiyo ukienda na noti mkononi utabaki langoni.

Nimekuwekea mwisho makumbusho ya reli, nyuma ya stesheni ya zamani, dakika chache kwa miguu kutoka ile bustani ya Agosti 7. Reli ilifika Nairobi Mei 1899, kabla ya hapo palikuwa kinamasi cha Wamasai kunyweshea ng'ombe. Bila reli hakuna mji. Wengi wanakwenda kuona lile behewa ambamo afisa wa polisi Charles Ryall alilala akimvizia simba pale Kima mwaka 1900, na simba ndiye akamvizia yeye, akamtoa kwa dirishani. Lione, ingia ndani kabisa, dirisha ni dogo kuliko unavyofikiria.

Lakini mimi nilikwama uani kwenye yale madude makubwa ya mvuke, vichwa vya treni vya daraja la 59. Yalitengenezwa Manchester na Beyer, Peacock miaka ya 1955 na 1956, yalikuwa 34 jumla, kila moja karibu tani 250, na yalipewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Moja linaitwa Mount Gelai, ule mlima wa kando ya Ziwa Natron. Nikazunguka la pili, namba 5930, nikasoma kibao: Mount Shengena.

Mkuu, mimi ni Mpare wa Same. Shengena ndio mlima ambao bibi alikuwa anautazama asubuhi kujua kama leo ni ya kupanda maharage. Na huo hapo, tani 250 za chuma, umeegeshwa Nairobi, majani yameota kwenye magurudumu. Nikapiga picha (simu mpya hiyo) nikamtumia baba. Baba, Mpare kamili, akabipu. Nikampigia. Akakaa kimya kidogo, kisha akauliza, "Wametuandika wapi, mbele au ubavuni?"

Nikamwambia ubavuni, baba.

"Basi," akasema, "piga nyingine uonekane na wewe umesimama hapo."