Kabla ya Kumimina Dawa, Kagua Tangi la Mbolea

Ninyi mnaoanza kazi katika mashamba ya maua ya Arusha au Naivasha mtafundishwa mapema namna ya kuyeyusha mbolea katika matangi na kuipitisha kwenye mipira ya matone. Ni nadra, hata hivyo, mtu kuwaeleza kwamba mbolea hiyo hiyo huamua ni vijidudu gani watakaoshamiri kuzunguka mzizi na ni vipi watakaodhoofika. Mimi nililielewa jambo hilo nikiwa nimechelewa, baada ya kupoteza matuta kadhaa ya kaneshoni.

Ulikuwa mnyauko fuzari, ugonjwa unaoletwa na kuvu wa udongoni aitwaye fuzari. Majani ya upande mmoja wa mmea yalipauka, shina likapinda kuelekea upande huo, na tulipolipasua tulikuta michirizi ya kahawia katika mirija ya kupitishia maji. Tulimimina dawa ya ukungu mara mbili bila mafanikio, kwa kuwa kuvu alikwisha kuingia ndani ya mirija, na isitoshe spora zake (chembe za kuzaliana) zenye ganda nene huweza kukaa udongoni miaka mingi zikisubiri mzizi. Kilichonitatiza ni kwamba matuta ya jirani, yaliyopandwa miche ya chanzo kile kile katika wiki ile ile, yaliendelea kusimama. Tulipopekua daftari la matangi tuligundua kuwa matuta yaliyonyauka yalikuwa yakipewa salfeti ya amonia kwa sababu ya bei yake nafuu, ilhali yale mengine yalipewa naitreti ya kalsiamu. Kipimo cha pH, yaani cha uchachu wa udongo (namba ikiwa ndogo, uchachu ni mwingi), upande wa kwanza kilikuwa chini ya 5.5, na upande wa pili juu kidogo ya 6.5.

Mzizi unapofyonza naitrojeni iliyo katika umbo la amonia, hutoa haidrojeni inayouchachua udongo ulioushika; ukifyonza naitreti, uchachu huo hupungua. Bakteria wanaoigeuza amonia kuwa naitreti nao huongeza tindikali. Katika udongo mchachu madini ya chuma, manganizi na zinki huyeyuka kwa urahisi, na fuzari huyapata atakavyo. pH ikifika kati ya 6.5 na 7 chuma huadimika, na hapo bakteria wa jamii ya Pseudomonas, ambao hutoa kemikali za kunasa chuma, humtangulia fuzari na kumwacha na njaa. Kwa hiyo kilo ile ile ya naitrojeni yaweza kumnenepesha adui au kumnyima riziki, kutegemea umbo lake.

Msilichukue hilo kuwa kanuni ya kila ua. Kuoza kweusi kwa mizizi kunakoshambulia pansi na petunia, kunakosababishwa na kuvu aitwaye Thielaviopsis basicola, hupungua udongo ukiwa mchachu, na anayemwaga chokaa, ambayo hupunguza uchachu, huukaribisha ugonjwa. Waridi nalo, pH ikipanda mno, hukosa chuma: majani machanga huwa manjano huku vishipa vikibaki kijani, na msimamizi mwenye haraka hudhani ni maradhi. Jueni kwanza jina la ugonjwa, ndipo mguse mfuko wa mbolea.

Fosforasi ikizidi, mmea huacha kuwagawia sukari kuvu rafiki wanaoishi mizizini, nao hupungua. Samadi mbichi huunguza mizizi kwa chumvi na amonia, na penye jeraha ndipo Pithiamu, kimelea anayeozesha mizizi, huingilia. Subirini hadi iive kuwa mboji. Kuhusu unga wa Trichoderma, kuvu anayepambana na kuvu waharibifu, unaouzwa kwa bei kubwa, maoni yangu ni kwamba kuutia katika udongo usio na mboji ni sawa na kumwalika mgeni kwenye nyumba isiyo na chakula.

Mnapochukua sampuli ya kupima pH, chimbeni pale mizizi ilipo, chini ya tundu la tone, kwa sababu udongo wa katikati ya njia utawapa jibu la uongo.

Sisi tulibadilisha mbolea, tukaongeza chokaa na kutafuta miche ya aina sugu. Mnyauko ulipungua sana lakini haukuisha, na matuta mawili yaliyoathirika zaidi tukayapanda krisanthemu, ambayo fuzari yule wa kaneshoni hawezi kuishambulia.