Inchi, futi na meta: kwa mnaoanza useremala hapa Goma

Wadogo zangu mnaoingia karakana sasa, shuleni mlifundishwa meta tu. Nendeni Birere kununua vifaa ndipo mtakapoona: bidhaa nyingi zinatoka nje, na zinakuja na inchi na futi zake.

Namba za kushika kichwani ni mbili. Inchi moja ni milimita 25.4. Futi moja ni inchi 12, yaani sentimita 30.48. Si makadirio hayo. Mwaka 1959 Marekani, Uingereza na nchi nyingine chache walikubaliana iwe hivyo kamili. Mtasikia fundi akisema futi ni 30. Kwa kukisia bei barabarani, sawa. Kwa kukata, hapana. Futi 20 kwa hesabu yake ni meta 6, lakini kwa kweli ni meta 6 na karibu sentimita 10, na kwenye paa hizo kumi mvua ya Goma itazipata.

Jambo linalowasumbua wengi ni tripleksi, zile karatasi za mbao za tabaka zilizogundishwa. Ile ya futi 4 kwa 8 ni meta 1.22 kwa 2.44. Sasa wewe, kwa kupenda namba nzuri, umesimamisha nguzo za ukuta wa mbao kila sentimita 60. Karatasi ya kwanza inaishia 122, nguzo yako katikati yake ni 120. Kama nguzo ina upana wa sentimita 5, karatasi ya pili itabaki na nusu sentimita tu ya kupigia msumari. Kwenye 244 nguzo yako iko 240: hapo umekosa kabisa. Weka 61 katikati kwa katikati, ukipima zote kutoka ukuta wa mwanzo, si kutoka nguzo hadi nguzo, maana kosa dogo la kila nguzo linajumlishwa.

Futi 5 na inchi 6 si futi 5.6, ni futi 5.5. Na 5/8 ya inchi si 5.8, ni karibu milimita 16. Simu inahesabu chochote unachoiandikia, haikuulizi kama umesoma vizuri.

Mteja akisema "niletee misumari ya nne," muulize nne ya nini. Ya inchi 4 ina sentimita 10, inashika mbao nene. Ya sentimita 4 ni ya vibao vyembamba. Namba bila kipimo chake usiipokee hata kwa bosi.

Mabomba, mimi nasema vipimo vyake msivigeuze kuwa milimita kabisa. Bomba la chuma la nusu inchi lina kipenyo cha nje cha milimita 21 hivi; ukilitafuta kwa 12.7 hutalipata. Nusu inchi hapo ni jina tu. Beba kipande cha zamani dukani, ukifunge na kipya mbele ya muuzaji.

Mwisho, ile ndoano ya chuma kwenye ncha ya meta yenu ya kuvuta inacheza kidogo. Imetengenezwa hivyo makusudi: inasogea kwa unene wake wenyewe, ili kupima kwa kuvuta na kupima kwa kusukuma kutoe jibu moja. Msiipige nyundo ikakaza.