Afisa ustawi amependekeza baba awachukue watoto: je, hakimu amefungwa na pendekezo hilo?

SWALI: Niliachana na mume wangu baada ya miaka mingi ya kupigwa mbele ya watoto wetu wawili. Mkubwa, mwenye miaka tisa, aliwahi kuchapwa kwa waya wa umeme, nikaenda polisi kumchukulia PF3, ile fomu ya polisi ya kumpeleka majeruhi hospitali. Sasa baba yao ameiomba mahakama awe anawachukua kila mwisho wa wiki, na afisa ustawi wa jamii amependekeza akubaliwe, kwa kuwa alikuta nyumba nzuri na mtoto akasema anampenda baba yake. Je, hakimu analazimika kumfuata?
Mama wa Wawili, Pasua, Moshi

JIBU: Halazimiki, dada yetu. Sheria ya Ndoa ya 1971 inaitaka mahakama, inapowezekana, ipate ushauri wa mtu mwenye ujuzi au uzoefu wa ustawi wa watoto, lakini inasema wazi kwamba mahakama haifungwi na ushauri huo. Hata hivyo ripoti ya afisa ina uzito, na usipoipinga kwa hoja, hakimu hatakuwa na sababu ya kuiacha.

Omba nakala uisome ukitafuta kilichoachwa. Je, afisa aliiona PF3? Alizungumza na mwalimu? Mtoto alihojiwa wapi, na nani akiwa karibu? Sheria ya Mtoto ya 2009 inayapa nafasi maoni ya mtoto yaliyotolewa kwa uhuru, na sioni uhuru huo kwa mtoto anayehojiwa sebuleni huku baba yake yuko chumba cha pili. Tena mtoto aweza kumpenda mzazi na kumwogopa kwa wakati mmoja, kwa hiyo kauli yake haithibitishi kwamba yuko salama. Nayo nyumba nzuri haijibu lolote kuhusu ule waya.

Yaeleze haya kwa maandishi kabla ya uamuzi, ukiambatisha PF3, na uombe afisa aitwe aulizwe maswali. Pendekeza pia njia nyingine: watoto waonane na baba yao mchana, bila kulala kwake, mbele ya mtu mzima ambaye watoto wanamwamini, wala asiwe ndugu aliyenyamaza mlipokuwa mkipigwa.

Amri ikitoka kinyume nawe, usiwafiche watoto. Kata rufaa au uombe ibadilishwe, ukisaidiwa na wakili au msaidizi wa kisheria. Mtoto akirudi na jeraha, nenda siku hiyohiyo Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi, au piga simu 116, namba ya msaada kwa watoto.