Vyumba vya udongo nyuma ya pazia ni vya nani?

SWALI: Asalaam aleikum kaka. Mie nakaa Wete, juzi nashusha mapazia ya ukumbini nifue nikakuta nyuma yake madongo yamejipanga ukutani kama vidole vya mtoto. Nikavunja kimoja kwa kijiko, jamani, ndani buibui watupu! Nikadhani wamekufa ila mmoja mguu ukawa unatikisika. Mume wangu anataka kupiga dawa nyumba nzima na nna mtoto anatambaa. Mdudu gani huyu, atatuuma?

JIBU: Waaleikum salaam dada. Mwambie shemeji dawa aiweke kwanza. Huyo nyigu wa udongo, yule mweusi mwenye kiuno chembamba kama uzi na miguu ina manjano, utamuona sana pale chini ya mfereji panapotota, anafinya tonge la tope anaruka nalo. Jike anajenga peke yake, hana malkia wala jeshi la kumlindia nyumba, ndo maana ukipita karibu hakufukuzi. Kuuma anauma ukimbana mkononi au akinasa kwenye nguo.

Na umeona vizuri, buibui wale hawajafa. Anawadunga wanapooza, anawashindilia chumbani, anataga yai moja kisha anaziba kwa tope, maana angewaua wangeoza mtoto wake hajamaliza kula. Buu akishiba anajisokotea kifuko, akishageuka nyigu anatoboa tundu anatoka. Kwa hivo vyumba vyenye tundu ni magofu, kwangua leo leo kwa bapa la kisu ufute na kitambaa cha maji. Visivyo na tundu mna mtoto, mie ningeviacha mpaka watoke.

Ukikuta kijungu chenye shingo, mtungi kabisa ila mdogo, kimegandishwa kwenye kijiti au fremu ya dirisha, huyo mwengine, mfinyanzi, yeye ndani anaweka viwavi. Mpole vilevile. Tundu la soketi likizibwa tope usichokonoe, zima umeme kwanza.

Wa kuogopa ni wenye kiota kama karatasi, kimening'inia kwa kikonyo chini ya paa, vitundu viko wazi vinatazama chini na nyigu wamejaa juu yake. Hao wanaishi pamoja, ukiwagusa wanakuja wote, kijiko usipeleke na mtoto muweke mbali kabisa na upande huo. Mtu akidungwa akavimba midomo au pumzi zikawa nzito, hospitali hapo hapo.