Sajini Mstaafu Anajibu: Kitambaa Nyuma ya Mabawa

SWALI: Shikamoo Mzee Sajini. Marehemu baba mdogo alikuwa askari wa miamvuli katika Jeshi la Marekani. Sasa tunaweka koti lake la sherehe kwenye fremu. Katika picha yake ya ujanani, nyuma ya beji ya mabawa kuna kitambaa kidogo cha rangi chenye umbo la yai, kimedariziwa. Picha ya mwisho haina, na koti halina. Binamu yangu anadai alishushwa cheo. Tushone kingine?

JIBU: Marahaba mwanangu, na poleni kwa msiba. Mwambieni binamu asimsingizie marehemu. Cheo cha sajini kiko kwenye mikono ya koti. Kile kitambaa hakihusiani nacho kabisa.

Mabawa ni mali ya askari. Ukisharuka mara 5 na kufaulu kozi pale Fort Benning, Georgia, unakwenda nayo popote, hata wakikupeleka kupika. Kitambaa ni cha kikosi. Huvaliwa na aliye kwenye kikosi cha kuruka, na kila kikosi kina rangi zake zilizoidhinishwa. Ukihamia kikosi kingine cha miamvuli unabadilisha. Ukihamia kisichoruka unakivua. Mimi nilikuwa stoo ya sare, nimewaona majabali wakikivua huku wamenuna kama watoto walionyang'anywa peremende. Beji yenyewe ilibuniwa na William Yarborough, afisa wa jeshi hilo, mwaka 1941, na mtindo wa kuiwekea kitambaa nyuma ni wa tangu enzi za Vita Kuu ya Pili ya Dunia.

Basi tazameni bega la kushoto la koti. Nembo iliyopo hapo ni ya kikosi chake cha mwisho. (Ya kulia ni ya kikosi alichokwenda nacho vitani, msizichanganye.) Juu ya nembo za vikosi vya miamvuli huwa kuna kiutepe kilichopinda chenye neno Airborne. Kama kwenye picha ya zamani kipo na kwenye koti hakipo, alihamishwa, basi. Na chunguzeni mabawa yenyewe: nyota juu ya mwamvuli maana yake ameruka angalau mara 30, na nyota iliyozungushiwa shada ni mara 65. Ikiwa picha ya zamani haina nyota na koti linayo, binamu ana la kujibu.

Kushona? Hapana. Liacheni koti kama alivyolivaa mwisho. Pekueni masanduku yake kwanza, maana wengi hatuvitupi vitambaa vile. Chake mtakijua kwa matundu mawili yaliyoachwa na pini za beji. Mkikipata, kibandikeni kando ya picha ya ujanani, ndani ya fremu hiyohiyo. Msipokipata, msinunue cha kukisia, hasa kama picha ni ya rangi nyeusi na nyeupe: mtamvisha baba mdogo kikosi cha watu wengine.