Kwa .22 shabaha ndo inakwambia lini usafishe

Mhariri, wiki hii mmeuliza mtutu wa bunduki ya kaliba ndogo usafishwe kila baada ya muda gani, na nina uhakika wengi watawajibu kila ukishapiga, basi, hakuna mjadala. Mi nalenga shabaha huku kusini mwa Ujerumani, klabu ya kawaida ya mtaani, .22 (bunduki ndogo ya inchi 0.22) mita 50, na nasema hapana. Kwa .22 inayopiga vichwa vya madini ya risasi pekee, bila ganda la shaba, vilivyopakwa nta, kusugua mtutu mzima kila siku ni kazi ya bure na mara nyingi unajiharibia shabaha yako mwenyewe.

Hiyo tabia najua inatoka wapi. Aliyepita JKT au jeshi lolote lile anajua bunduki inasafishwa mpaka mkaguzi aridhike, na kwa silaha ya vita ni sawa kabisa, ile inapiga vichwa vyenye ganda la shaba, inatumia gesi kujipakia, na risasi nyingi za zamani kiwashio chake, kile kinacholipuka pini ikigonga na kuwasha baruti, kilikua na kloreti ya potasiamu ambayo ikiungua inaacha chumvi ndani ya mtutu. Chumvi inavuta unyevu, asubuhi unakuta kutu. Ndo maana askari wa zamani walikua wanamwaga maji ya moto kwenye mtutu kabla ya mafuta, chumvi inayeyuka kwa maji sio kwa mafuta. Sasa hilo tatizo kwenye .22 liliisha zamani sana, kampuni ya risasi ya RWS hapa Ujerumani ilitoa kiwashio chake cha Sinoxid kisicholeta kutu miaka ya 1920 na Marekani nao kipindi hicho hicho wakaja na vya kwao visivyoleta kutu, ila amri ya babu imebaki pale pale.

Halafu angalia hiyo .22 yenyewe. Imekuwepo toka 1887, kichwa gramu 2.6 hivi, baruti kiduchu hata haifiki moja ya kumi ya gramu kwenye nyingi, mkandamizo wake wa juu psi (pauni kwa inchi ya mraba) 24,000 wakati .223 ya wawindaji inaenda 55,000. Kichwa cha mashindano kinatoka na mwendo wa kama mita 330 kwa sekunde, chini kidogo ya sauti, na kinapita kwenye mtutu na nta yake. Nta inabaki, inatandaza utando mwembamba ndani, na kila kichwa kinachofuata kinapita juu ya utando ule ule, ndo maana matundu yanakaa pamoja. Ukiutoa wote kwa dawa na brashi unaanza upya, risasi tano, kumi, kuna mitutu hata ishirini, zinatawanyika mpaka utando urudi. Watu wanalaumu upepo, wanalaumu darubini, kumbe walisugua jana yake usiku. Kwenye mashindano ya mita 50 kuna dakika 15 za kujiandaa na kupiga za majaribio kwahiyo wajuzi wakisafisha wanatumia muda huo kuuzoesha mtutu tena, lakini wewe unaepiga kopo au kanga shambani nani atakupa dakika 15. Na hata ukibadilisha tu aina ya risasi, nta ya kampuni hii sio ya ile, subiri risasi kadhaa kabla hujasema hizi mbaya.

Sasa msinielewe vibaya, sisemi usisafishe kabisa. Klabuni kuna mzee mmoja anajisifu mtutu wake haujaona brashi miaka na miaka, na bado anapiga vizuri, ila mi simfuati. Sababu ni sehemu moja, pale chemba, yaani chumba risasi inapokaa, inapoisha na mifereji inayozungusha kichwa inapoanza. Risasi ya .22 kiwashio chake kiko kwenye ukingo wa kitako cha ganda, na ndani ya hicho kiwashio mara nyingi wanaweka unga wa kioo ili pini ikigonga msuguano uwashe. Huo unga wa kioo na masizi vinaenda wapi? Vinakaa sentimita chache za mwanzo mbele ya chemba, vinajenga pete ngumu kama ukoko wa wali chini ya sufuria. Hiyo pete hata kitambaa hakiitoi, unapitisha vitambaa vinatoka vyeupe unajua umemaliza, ila risasi ikianza kuingia kwa kubana au kichwa kinatoka na mikwaruzo ukikichomoa bila kupiga, ujue iko pale. Hiyo ndo ya kuwahi. Brashi ya shaba nyeusi, sio ya chuma tafadhali, na dawa yenye kulainisha masizi, iache ikae dakika kadhaa, fanya kazi pale mwanzoni tu, huna haja ya kusugua mtutu wote.

Kwahiyo namba? Mi nafanya hivi. Kila nikimaliza kupiga nafuta chemba na uso wa boliti, kile chuma kinachofunga chemba kwa nyuma, dakika mbili hazifiki. Ile pete naishughulikia kila baada ya risasi mia mbili, mia tatu. Mtutu mzima ni pale karatasi inaponiambia, na kwa mitutu mingi ya mashindano hiyo inaangukia kwenye risasi mia tano mpaka elfu, mingine mapema mingine hata zaidi, kila mtutu una tabia yake. Duara la alama kumi kwenye karatasi ya mita 50 kipenyo chake ni milimita 10.4, hapo hakuna pa kujificha, ukiona matundu yaliyokua yanagusana yameanza kuachana, risasi ni zile zile, upepo umetulia na wewe hujalewa, safisha. Andika kwenye daftari idadi ya risasi, baada ya mara mbili tatu utaujua mtutu wako kuliko mtu yeyote wa kukushauri pamoja na mimi.

Namna ya kusafisha inaharibu mitutu mingi kuliko uchafu wenyewe, hili nalisema bila woga. Kwanza hakikisha haina risasi, toa boliti, angalia kwa macho na ingiza kidole. Fimbo iingie kwa nyuma upande wa chemba, fimbo ya kipande kimoja iliyovishwa plastiki, sio zile za alumini za kuungaunga vipande vitatu. Ukiingilia mdomoni fimbo inasugua ukingo ule kichwa kinapoachia mtutu, ukingo ukiliwa upande mmoja hakuna dawa, fundi aukate upya. Bunduki ambazo huwezi kuingia kwa nyuma bila kuifungua yote, mfano Ruger 10/22, tumia kamba ya kuvuta toka chemba kwenda mdomoni. Huku Wajerumani wengi wanatumia vidonge vya felti, yaani sufu iliyogandamizwa, badala ya vitambaa, vinajaa vizuri kwenye mifereji, navipenda.

Hali ya hewa ndo inayoweza kuvunja hesabu yangu yote. Kama uko Tanga, Mombasa au Unguja hewa ina chumvi na unyevu mwaka mzima, hapo hata ukipiga risasi tano pitisha kitambaa chenye mafuta kidogo sana, na siku ya kupiga pitisha kikavu kwanza. Huku kwetu adui ni baridi, bunduki ikitoka nje kwenye baridi kali ikaingia chumba chenye hita inatoka jasho nje na ndani, usiifungie kwenye begi lake la sponji ikiwa hivyo, iache wazi ipate joto la chumba na kukauka ndo uiweke kabatini.

.17 HMR na .223 nazo kaliba ndogo ila hizo vichwa vina ganda la shaba, shaba inaganda mtutuni, fuata dawa ya kutoa shaba na ratiba yake, nilichosema juu hakizihusu.

Na zile bunduki za upepo za milimita 4.5 ambazo wengi huko nyumbani ndo wanazo, hamna baruti wala masizi, vitambaa vikavu mara moja moja vinatosha. Ila zile za springi msidondoshee mafuta ya cherehani kwenye tundu la hewa, mkandamizo ukipanda yanawaka humo ndani, unasikia mlio mkubwa unafurahi kumbe springi na sili vinakufa. Halafu kwa zote, vitambaa vilivyotumika vina madini ya risasi, visikae karibu na vyombo vya kula na mikono ioshwe kwa sabuni na maji ya baridi kabla hujashika chapati.