Fomu ya madhara ya dawa haingoji uhakika

Swali: Nafundisha wanafunzi wa udaktari na famasia. Mmoja alikuta mgonjwa wodini ametoka vipele na vidonda mdomoni, siku ya kumi tangu aanze kotrimoksazoli, dawa ya kuua bakteria. Alipotaka kujaza fomu ya madhara ya dawa, mkubwa wake akamwambia asubiri mpaka ithibitike. Nimwambie nini?

Jibu: Mwambie alikuwa sahihi, Mwalimu, na umwambie mbele ya wenzake. Hilo "mpaka ithibitike" nalisikia kila mwaka kutoka kwa kundi jipya, na linanikera kuliko uvivu. Fomu inataka shaka tu. Ukiwa na mgonjwa anayetambulika, mtoa taarifa, dawa inayoshukiwa na kilichotokea, peleka. Kupima uzito wa shaka ni kazi ya kituo kinachokusanya taarifa za wengi. Dawa huruhusiwa baada ya kujaribiwa kwa watu elfu chache. Dhara linalompata mmoja kati ya elfu kumi litaonekana wapi kama si wodini? Mwaka 1961 daktari McBride wa Australia aliandika barua fupi kuhusu thalidomidi, dawa waliyopewa wajawazito, na watoto wao waliozaliwa na kasoro za viungo. Aliimaliza kwa kuwauliza madaktari wengine kama nao wameona.

Ufafanuzi wa kukariri kwa ajili ya mtihani hausaidii. Wape faili la mgonjwa lililofutwa jina, wajaze fomu nzima: dawa ilianza lini, vipele lini, ilipoachishwa ikawaje, alikuwa anatumia nini kingine. Nimepokea fomu nyingi zilizoandikwa "alipata vipele" basi, hakuna hata tarehe moja. Hapo nitafanya nini nazo?

Kuna baya zaidi ya kusubiri: kumrudishia mgonjwa dawa ili "kuhakikisha". Vipele vikiandamana na vidonda mdomoni, huenda ni mwanzo wa ugonjwa wa Stevens-Johnson, ambao huchubua ngozi na huua. Dawa inaachishwa siku hiyo hiyo, fomu inafuata.

Na hao wauzaji wanaomwambia mtu anayewashwa mwili mzima kwamba "sumu inatoka, endelea kunywa", au kwamba mitishamba haina madhara, wanaua watu. Mgonjwa akishaambiwa hivyo, hatakutajia alichokunywa, anajua utamgombeza. Kwa hiyo mwanafunzi aulize kwa upole, tena mara mbili: cha hospitali, cha dukani, cha mganga. Vyote vinaandikwa kwenye fomu.